VYAMA VYA WAFANYAKAZI NA SIASA: VILIKOTOKA, VILIPO NA VINAKOWEZA KUFIKA

Katika ofisi za Serikali na katika sehemu za kazi za watu binafsi, Unguja na Pemba, kuna kauli mbili ambazo husikika kila mara fomu ya kujiunga na chama cha wafanyakazi inapopitishwa mezani. Wapo wasemao: "Hiyo ni siasa, mimi sitaki kujitia matatani." Na wapo wasemao kinyume chake: "Chama hicho ni cha Serikali, kitanisaidia nini?" Kauli hizi haziwezi kuwa za kweli zote mbili kwa wakati mmoja, na kwa hakika hakuna hata moja iliyo ya kweli kwa ukamilifu wake. Hata hivyo hazikuzuka hewani. Kila moja ina asili yake katika historia ya Visiwa hivi, na mtu asiyeijua historia hiyo hataweza kufahamu kwa nini mwalimu wa skuli huko Micheweni hukatwa ada ya chama kila mwezi bila ya kuhudhuria mkutano hata mmoja, wala kwa nini mpishi wa hoteli huko Kiwengwa huogopa kuiweka saini yake.

Ukurasa huu unakusudia kueleza mambo matatu: vyama vya wafanyakazi vilivyoanza na vilivyoingiliana na siasa, hali yake kwa mujibu wa sheria zilizopo, na matarajio yake katika siasa za nchi. Jambo la tatu ndilo lenye mabishano zaidi, kwa hiyo ndilo litakalopewa nafasi kubwa.

Kabla ya yote inafaa kukumbusha kwamba wazo la watu wa kazi moja kusimama pamoja halikuletwa na meli. Wachumaji wa karafuu wamekuwa wakipatana na mwenye shamba malipo ya kila pishi tangu zama za mababu, na mapatano hayo aghlabu hufanywa na kundi zima kabla mtu hajapanda mti. Mwenye shamba aliyetoa bei ya chini alijikuta karafuu zake zinafunguka mtini huku wachumaji wamekwenda kwa jirani. Na mtoto wa chuoni, kabla hajajua kuandika jina lake kwa herufi za Kizungu, alikwisha kufundishwa kwamba ujira wa mtu ni haki na kuuchelewesha ni dhulma. Kilichokuwa kigeni ni daftari la wanachama, katiba iliyoandikwa na cheti cha Mrajis.

Bandari na mgomo wa 1948

Nguvu ya wafanyakazi wa Zanzibar ilidhihirika kwanza bandarini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia gharama za maisha zilipanda katika pwani yote ya Afrika Mashariki, na mishahara ilibakia nyuma. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na kiongozi aliyejitokeza huko alikuwa Chege Kibachia. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo waligoma makuli wa Dar es Salaam, na mgomo wao ukafuata njia ya reli hadi bara. Mabaharia na makuli hawakuwa watu wa bandari moja; habari zilisafiri pamoja na shehena. Ilipofika Agosti 1948 makuli wa Unguja nao waliweka chini mizigo, na katika mwezi wa Septemba mgomo huo ukaenea hadi kwa wafanyakazi wengine wa mjini ukawa mgomo wa jumla.

Jambo la kuzingatia katika mgomo huo si ukubwa wake tu. Bandarini walikuwapo watu wa Visiwa na watu waliotoka bara, wenyeji wa mitaa ya Ng'ambo na wageni wa msimu, na wote walisimama upande mmoja kwa sababu mzigo uliowaelemea ulikuwa mmoja. Chama cha siasa kilichokuwa na uwezo wa kuwakusanya watu hao pamoja hakikuwapo mwaka 1948, na kwa maoni ya mwandishi hakikupatikana baadaye kwa muda mrefu.

Katika mwongo uliofuata mambo yalibadilika. Vyama vya wafanyakazi viliongezeka na vikasajiliwa, lakini wakati huo huo ziliingia siasa za uchaguzi, na kila upande ulihitaji jeshi la watu waliokwisha kupangwa. Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Unguja na Pemba, lililojulikana kwa herufi za ZPFL, lilikuwa karibu na Afro-Shirazi Party na lilifungamana na shirikisho la kimataifa la nchi za Magharibi. Shirikisho jengine, FPTU, lilikuwa karibu na mrengo wa kushoto wa Zanzibar Nationalist Party, na baadaye na Umma Party iliyoundwa mwaka 1963 baada ya Abdulrahman Mohamed Babu kujitoa katika ZNP. Hilo lilifungamana na shirikisho la kimataifa lililoungwa mkono na nchi za Kisoshalisti. Basi kuli mmoja na kuli mwenzake, wanaobeba gunia moja, huyu akishika mbele na yule nyuma, wakawa na mashirikisho mawili yanayotazamana kwa jicho la uadui.

Haina maana kwamba viongozi wa wakati huo hawakuwa wakweli. Wengi wao walikuwa watu wa kazi hasa. Marehemu Mzee Hassan Nassor Moyo alikuwa fundi seremala na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi kabla ya kuwa Waziri baada ya Mapinduzi, na katika uzee wake alikuwa miongoni mwa watu waliosimama mbele katika juhudi za maridhiano ya Wazanzibari. Hata hivyo madai ya mshahara yalianza kupimwa kwa mizani ya chama cha siasa: mgomo huu utamfaidisha nani katika uchaguzi? Mwajiri mwerevu hakuhitaji kufanya lolote ila kungoja wafanyakazi wagawanyike wenyewe kwa wenyewe. Hapa ndipo ilipopatikana ile kauli ya mwanzo, kwamba kujiunga na chama cha wafanyakazi ni kujitia katika siasa.

Zama za chombo kimoja

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 mashirikisho hayo hayakuendelea kama yalivyokuwa. Kiliundwa chombo kimoja cha Kimapinduzi cha wafanyakazi, na haukupita muda mrefu shughuli zake zikaingizwa ndani ya Afro-Shirazi Party. Dola ilijitangaza kuwa ni ya wakulima na wafanyakazi, na hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba mfanyakazi hawezi kugombana na dola iliyo yake.

Upande wa pili wa maji mambo yalikwenda njia iliyofanana. Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, lililoundwa mwaka 1955, lilikuwa nguzo kubwa ya TANU wakati wa kudai Uhuru, na Katibu Mkuu wake, Rashidi Kawawa, alikuwa Waziri Mkuu mwezi wa Januari 1962. Lakini katika mwaka huo huo wa 1962 ilipitishwa sheria iliyobana haki ya kugoma, na baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa na vyama vyao vikavunjwa. Ikaundwa NUTA, chama pekee, na Katibu Mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Msomaji anaweza kujiuliza: mtu huyo alipopokea malalamiko ya wafanyakazi wa Serikali, alipaswa kumwandikia nani barua ila nafsi yake?

Baada ya kuzaliwa Chama cha Mapinduzi tarehe 5 Februari 1977 iliundwa JUWATA, Jumuiya ya Wafanyakazi wa Tanzania, ikiwa ni moja ya jumuiya za Chama. Haki inataka isemwe kwamba JUWATA ilikuwa na faida zake. Ilikuwa na matawi katika kila mahali pa kazi, ilisomesha watu, na ilikuwa na sauti ndani ya vikao vya Chama ambako ndiko maamuzi makubwa yalikofanywa. Wazee wengi waliostaafu wanaikumbuka kwa wema. Ila sauti yake ilipanda juu ikiwa imekwisha kuchujwa, na iliporudi chini ilikuwa ni maelekezo. Kauli ya pili, kwamba chama cha wafanyakazi ni cha Serikali, ilizaliwa katika zama hizo, na si ajabu kwamba ingali hai katika vichwa vya watu walioajiriwa wakati huo na katika masikio ya watoto wao.

Sheria ya mwaka 1991 iliunda OTTU badala ya JUWATA, na mwaka uliofuata nchi ikaingia katika mfumo wa vyama vingi. Tangu hapo njia za Bara na Zanzibar zimekuwa zikiachana kisheria, jambo ambalo wananchi wengi hawalifahamu vyema. Masuala ya kazi na ajira hayamo katika orodha ya Mambo ya Muungano. Kwa hiyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania Bara haitumiki hapa, wala TUCTA, shirikisho lililoundwa huko mwaka 2001, silo msemaji wa kisheria wa wafanyakazi wa Zanzibar. Hapa Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya mwaka 2001, na baadaye Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya mwaka 2005 pamoja na Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka huo huo. Shirikisho letu ni ZATUC, na upande wa waajiri kuna jumuiya yao, ZANEMA.

Hali ilivyo sasa

Haki ya mtu kukusanyika na wenzake na kuunda jumuiya imo katika Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 20. Nchi yetu iliridhia Mkataba Namba 98 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu haki ya kujadiliana kwa pamoja, tangu mwaka 1962. Mkataba Namba 87, unaohusu uhuru wa kujiunga, uliridhiwa mwaka 2000. Miaka 38 iliyopo baina ya mikataba hiyo miwili ndiyo zama za chombo kimoja tulizozieleza hapo juu: kujadiliana kuliruhusiwa, lakini kwa kinywa kilichokwisha kuchaguliwa.

Kwa mujibu wa sheria ya 2005 chama husajiliwa na Mrajis, kina katiba yake, na huchagua viongozi wake. Kinaweza kujadiliana na mwajiri na kufunga naye mkataba wa pamoja, na kinaweza kumsimamia mwanachama katika shauri lake. Mgogoro ukitokea hupelekwa kwanza katika Kitengo cha Usuluhishi wa Migogoro ya Kazi, na usiposuluhika huelekea Mahkama ya Kazi. Mgomo umo ndani ya sheria, lakini umewekwa mwisho wa njia, baada ya usuluhishi kushindikana na taarifa kutolewa, na huduma muhimu zimewekewa masharti yake. Wafanyakazi wa vikosi vya Idara Maalum hawamo katika utaratibu huu.

Kwa upande wa nguvu, vyama vimesimama imara zaidi katika utumishi wa umma. Chama cha Walimu, ZATU, ndicho mfano unaojulikana na wengi, na sababu yake si ngumu kuielewa: mwalimu ana ajira ya kudumu, mshahara wake hupita katika orodha moja ya malipo, na mwajiri wake ni mmoja. Ada hukatwa kwa wepesi na daftari la wanachama halipotei. Wepesi huo una ubaya wake pia. Chama kinachopata fedha zake kutoka katika orodha ya mishahara, na si kutoka mkononi mwa mwanachama, kinaweza kukaa miaka bila ya kumtembelea mwanachama huyo, na yeye asihisi kama ana cha kuuliza.

Katika mahoteli hali ni nyengine kabisa. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 638,000, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Wanaowatandikia vitanda wageni hao na kuwapikia wametawanyika kutoka Nungwi hadi Makunduchi. Wengi wana mikataba ya muda mfupi inayomalizika masika yanapoanza, wengine wameletwa na wakala ambaye ndiye mwajiri wao kwenye karatasi, na wengi wametoka Bara au nchi za jirani. Msimamizi hana haja ya kumfukuza mtu anayepita na fomu za chama. Hungoja tu mkataba wake umalizike, kisha haurejeshi. Sheria inakataza kumwadhibu mtu kwa ajili ya uanachama, lakini si rahisi kwa msuluhishi kuthibitisha kwamba mkataba haukurejeshwa kwa sababu hiyo na si kwa sababu ya uhaba wa wageni. Mwaka 2020, maradhi ya korona yaliposimamisha ndege na hoteli kufungwa, wafanyakazi wengi walirejeshwa makwao. Aliyekuwa na mkataba wa pamoja mkononi alikuwa na cha kudai, na asiyekuwa nao alibakia kutegemea huruma.

Tena wapo wale ambao sheria haiwaoni kabisa kuwa ni waajiriwa. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza hapa mwaka 1989, na wanaokifanya kwa wingi ni wanawake wa vijiji vya pwani. Hawana mwajiri, hawana mshahara, na bei ya kilo huipangiwa na wanunuzi wachache. Ukiwatazama maji yakitoka, wameinama kutwa nzima chumvi ikiwachoma miguu, ni vigumu kusema kwamba hawa si wafanyakazi. Lakini kwa maana ya sheria, sio. Vyama vyao ni vya ushirika na vikundi, si vyama vya wafanyakazi. Wavuvi na madereva wa magari ya abiria nao wako katika hali inayokaribiana na hiyo. Mashirikisho ya nchi nyengine yameanza kuwafungulia milango watu wa aina hii, na hapa pia mazungumzo hayo yangefaa kuanza mapema, kwani idadi ya watu hao haipungui.

Mlango wa siasa

Sasa tufike katika suali lenyewe. Je, vyama vya wafanyakazi vina mustakabali gani katika siasa?

Barani Afrika iko mifano ambayo viongozi wa vyama huitaja kwa fahari. Zambia, Frederick Chiluba alitoka katika uenyekiti wa shirikisho la wafanyakazi akawa Rais mwaka 1991. Zimbabwe, Morgan Tsvangirai alitoka katika ukatibu mkuu wa shirikisho la huko, chama cha MDC kikaundwa mwaka 1999 kwa nguvu za wafanyakazi, na mwaka 2009 akawa Waziri Mkuu. Mifano hii ni ya kweli, ila isomwe hadi mwisho wake. Serikali ya Chiluba ndiyo iliyouza mashirika ya umma ya Zambia, na maelfu ya wafanyakazi waliomchagua wakapoteza kazi, na pamoja na kazi zao ukapotea uanachama uliokuwa nguvu ya shirikisho lenyewe. Afrika ya Kusini walichagua njia ya ubia: COSATU, iliyoundwa mwaka 1985, ilifungamana na ANC na Chama cha Kikomunisti. Ubia huo uliwapa sheria nzuri za kazi na nafasi serikalini, lakini chama cha wafanyakazi wa chuma, NUMSA, kilipoamua mwishoni mwa 2013 kutoiunga mkono ANC, kilifukuzwa katika shirikisho mwaka 2014, na mwaka 2017 likaundwa shirikisho jengine, SAFTU. Mpasuko wa miaka ya mwanzo ya 1960 hapa kwetu unafanana sana na huo.

Hapa kwetu njia ya kuunda chama cha siasa cha wafanyakazi ina kizuizi cha kisheria ambacho aghlabu husahauliwa. Kazi si jambo la Muungano, lakini uandikishaji wa vyama vya siasa ni jambo la Muungano. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inataka chama kiwe na wanachama katika mikoa isiyopungua 10, ikiwemo ya Unguja na Pemba. Kwa hiyo ZATUC, hata ingetaka, isingeweza peke yake kuzaa chama cha siasa; ingebidi ishirikiane na wenzao wa Bara ambao wana sheria nyengine, shirikisho jengine na magomvi mengine. Mtu anayewatisha wafanyakazi kwamba chama chao kinajitayarisha kuwa chama cha siasa, au anayewatamanisha hivyo, hajaisoma sheria.

Bara penyewe pametoa funzo. Mwezi wa Mei 2010, mwaka wa uchaguzi mkuu, TUCTA ilitangaza mgomo wa nchi nzima ikidai kima cha chini cha shilingi 315,000. Rais Jakaya Kikwete alizungumza na wazee wa Dar es Salaam akaeleza kwamba Serikali haina uwezo huo, na akasema kwamba kama kura za wafanyakazi zinakuja kwa sharti hilo basi yuko tayari kuzikosa. Mgomo haukufanyika. Mwaka 2012 walimu wa Bara waligoma, na Mahkama Kuu ikaamua kwamba mgomo wao haukuwa halali. Kura za wafanyakazi ni nyingi, lakini haziko katika kapu moja. Mwalimu huyo huyo ni mwanachama wa chama chake cha kazi, ni mtu wa jimbo lake, ni mfuasi wa chama chake cha siasa, na siku ya kupiga kura hubeba yote hayo. Kiongozi wa chama cha wafanyakazi anayeahidi kura za wenzake anaahidi mali isiyo yake.

Visiwani jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa wapigakura wetu mara kadhaa wamegawanyika kwa karibu nusu kwa nusu tangu chaguzi za kabla ya Uhuru. Chama chochote cha kazi kitakachoegemea upande mmoja kitapoteza nusu ya wanachama wake siku hiyo hiyo, na nusu iliyobaki itakuwa haina nguvu mbele ya mwajiri. Kwa mwandishi huyu hiyo ndiyo hoja kubwa ya kutaka vyama vijitenge na vyama vya siasa, na ina uzito kuliko hoja ya utiifu kwa Serikali inayotolewa mara nyingi.

Lakini kujitenga na vyama vya siasa si kujitenga na siasa. Kima cha chini cha mshahara ni siasa. Pensheni ni siasa. Kanuni za mikataba ya muda mfupi hotelini zinatungwa na watu waliochaguliwa. Kima cha chini katika utumishi wa umma wa Zanzibar kilipandishwa kutoka shilingi 150,000 hadi 300,000 mwaka 2017, na mwaka 2022 kikafika 347,000. Nyongeza hizo zilipokewa kwa furaha, na zilistahiki kupokewa hivyo. Hata hivyo ipo tofauti baina ya nyongeza inayosikika kwa mara ya kwanza katika hotuba na nyongeza ambayo wafanyakazi waliifahamu hesabu yake mezani kabla haijatangazwa. Ya kwanza hushukuriwa. Ya pili huweza pia kupangiwa bajeti, kufuatiliwa na kudaiwa ikichelewa. Bodi ya Ushauri wa Kazi, wanamokaa Serikali, waajiri na wafanyakazi, imewekwa kwa ajili ya aina hiyo ya pili, na uzito wake utategemea wajumbe wa wafanyakazi wanaingia na hesabu gani mikononi.

Uwakilishi katika vyombo vya kutunga sheria nao unastahili kufikiriwa. Wakati wa chama kimoja JUWATA, kama jumuiya nyengine, ilikuwa na viti vyake Bungeni. Viti hivyo viliondoka pamoja na mfumo ule. Uganda wana wabunge 5 wa wafanyakazi waliowekwa kwa mujibu wa sheria, na hapa kwetu Barazani hakuna kiti cha namna hiyo. Mara ya karibuni wafanyakazi wa nchi hii kupewa viti kwa jina lao ilikuwa katika Bunge Maalum la Katiba la 2014, ambamo katika wajumbe 201 walioteuliwa kutoka makundi mbalimbali, 19 walitoka katika vyama vya wafanyakazi, na sheria ilitaka theluthi moja isiyopungua ya kila kundi itoke Zanzibar. Katiba Inayopendekezwa iliyotoka humo haikupelekwa katika kura ya maoni. Mlango wa Katiba ukifunguliwa tena, vyama vya wafanyakazi vya Zanzibar vitaulizwa vinataka nini kiandikwe, na jibu la suali hilo halitungwi kwa wiki mbili.

Kuna wanaoona kwamba viti maalumu vya wafanyakazi vingewafanya viongozi wao kuwa wanasiasa wa kulipwa, na huko Uganda lawama hiyo imesikika. Hoja hiyo ina uzito. Pengine kwa sasa ni bora kuwa na chama kinachoweza kumwita Mwakilishi wa jimbo, wa upande wowote, mbele ya mkutano wa wafanyakazi wa hoteli za jimbo hilo na kumwuliza kuhusu mikataba ya miezi mitatu, kuliko kuwa na Mwakilishi wake mwenyewe ambaye baada ya miaka mitano hajulikani anamwakilisha nani.

Yaliyobakia ni ya utaratibu. Mtumishi wa umma anayekusudia kugombea nafasi ya siasa afuate Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011 na kanuni zake, na asitumie cheo chake cha chama cha wafanyakazi kama ngazi ya kampeni. Kugombea uongozi ndani ya chama chake cha kazi ni jambo jengine na hakuhitaji ruhusa ya mkuu wake wa kazi. Fomu ya kujiunga haiulizi kadi ya chama cha siasa. Ikiwa kuna tawi linaloiuliza, mwanachama ana haki ya kulalamika kwa viongozi wa juu wa chama hicho, na asiporidhika kwa Mrajis. Mwanachama pia ana haki ya kuomba kuonyeshwa katiba na hesabu za chama, na anayenyimwa aandike barua, abakishe nakala yake, na aitie tarehe.